Mama Doris na Fundo Jekundu

Wasifu wa Bibi Konsolata Akonaay Tarmo, 1954–2025
Unasomwa na mjukuu wake Brightness, Katesh, Jumamosi tarehe 20 Septemba 2025

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni. Ndugu, majirani, na ninyi mliotoka mbali hadi viatu vimebadilika rangi kwa vumbi, poleni kwa safari na poleni kwa msiba.

Bibi yetu Konsolata, ambaye karibu ninyi nyote mlimwita Mama Doris, alizaliwa Ijumaa tarehe 12 Machi 1954 katika kijiji cha Kainam, Mbulu. Alikuwa mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Akonaay Tarmo na mama Fransiska, wakulima. Saa ya kuzaliwa haikuandikwa popote, lakini baba yake alikuwa akisema ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala kwenye mahindi.

Kaka yake, Babu Theodory, aliyeketi hapa mbele, ametusimulia kisa kimoja cha utotoni. Nyumbani kwao kulikuwa na kihenge cha mahindi. Mavuno mapya yalimwagwa juu, na waliotumwa kuchukua mahindi walichota hapo hapo juu, kwa hiyo ya chini yalikaa miaka hadi yakaliwa na wadudu. Konsolata akiwa na miaka minane aliona hilo si sawa. Siku moja wazazi wakiwa shambani alichukua kisu, akatoboa kihenge kwa chini, akaziba kwa gunzi la hindi, ili ya zamani yatoke kwanza. Gunzi halikukaa hata nusu saa. Mahindi yalimwagika uani kama maji, na kuku wa mtaa mzima wakapata sikukuu. Alichapwa. Lakini jioni baba yake alikitazama kile kitundu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Wazo ni zuri. Kizibo ndicho kibaya." Mwaka uliofuata kihenge chao kilitengenezewa mlango wa chini.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 na kumaliza la saba mwaka 1969, akitembea kwenye baridi ya Mbulu bila viatu, huku mikono ameificha kwapani. Alifaulu kwenda sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973. Kuanzia 1974 hadi 1976 alisomea kazi ya usaidizi wa dawa. Aliporudi Mbulu aliajiriwa hospitalini, kwenye dirisha la kutolea dawa, na hapo alikaa miaka kumi na sita.

Dirisha hilo ndilo lililomkutanisha na Babu yetu Agustino Margwe, fundi seremala kutoka Katesh. Alikuja na cheti cha daktari, kidole kimefungwa kitambaa kwa sababu msumeno ulimpitia. Bibi alimpa dawa na kumwelekeza mara mbili. Babu akarudi kesho yake.

"Umesahau nini?" Bibi akamuuliza.

"Maelekezo."

"Nimekuandikia kwenye bahasha."

"Nimesoma. Ila yakisemwa yanaponya zaidi."

Bibi alisema alimwona mtu huyo hana akili sawasawa. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Mei 1979, na Mungu akawajalia watoto watatu: Doris, Nicodemo na Hilary. Babu alihamishia karakana yake Mbulu hadi mwishoni mwa mwaka 1992, ndipo wakarudi Katesh pamoja. Tarehe 1 Februari 1993 Bibi akafungua duka lake la dawa upande wa Jorodom.

Mliowahi kuingia ndani ya duka lile mnajua halikufanana na mengine. Shelfu zake zilikuwa na midomo miwili na zimelala kidogo, nyuma juu, mbele chini. Dawa mpya iliingizwa kwa nyuma, ya zamani ikateleza yenyewe hadi mkononi mwa muuzaji. Babu Agustino alipoagizwa kuzitengeneza aliuliza, "Shelfu yenye milango miwili ni shelfu au ni nyumba?" Bibi akamjibu, "Ni kihenge. Safari hii kizibo ni wewe, usiniangushe." Miaka thelathini na kitu zile shelfu zilisimama, na dawa iliyopita muda wake mtu angeitafuta mle ndani kama sindano.

Kitu kingine kilikuwa maboksi. Kila dawa ilikuwa na boksi la mbele na boksi la nyuma. Boksi la mbele likiisha unafungua la nyuma, na siku hiyo hiyo, siyo kesho, unaagiza lingine. Wajukuu wote tumefundishwa hilo kabla ya kufundishwa kusuka nywele. Pia foleni. Siku moja aliona watu wamejaa hadi barabarani, akachukua saa ya ukutani, akaishika mapajani na kukaa kwenye benchi la wateja kama mgonjwa. Aligundua kumbe kinachochelewesha ni kuhesabu vidonge, wala siyo kuuza. Tangu hapo dozi za kawaida zilihesabiwa asubuhi kabla watu hawajafika, na foleni ikapungua hadi wateja wakalalamika kwamba hawapati tena nafasi ya kupiga stori.

Mwaka 2011 alikuja kijana wa chuo kikuu, Alfredi, kufanya mafunzo kwa vitendo. Alikaa wiki mbili akiandika, halafu akamwambia, "Bibi, haya unayofanya yote yana majina. Chuoni tunayasomea usimamizi wa uendeshaji. Kiwango cha kuagiza tena, akiba ya tahadhari, muda wa kusubiri mzigo…"

"Miaka mingapi mnasoma?"

"Mitatu, Bibi."

"Na mwishoni mnapewa duka?"

"Hapana, cheti."

Bibi alicheka hadi akavua miwani. Baadaye Alfredi alimtumia kitabu kikubwa cha Kiingereza. Alikisoma chote, taratibu, na kamusi pembeni, na pembezoni akaandika kwa penseli: "Hii ndiyo ya Gidahosh." Ukurasa mwingine tena: "Hii pia ya Gidahosh."

Hapo inabidi tueleze, kwa sababu bila mzee Gidahosh wasifu huu haukamiliki, na Bibi mwenyewe aliagiza tusiuruke mwaka 1998.

Mzee Gidahosh ni mfugaji wa mbugani, ng'ambo ya Basotu. Binti yake Monica wakati huo alikuwa na miaka sita na alikuwa na kifafa. Kila mwezi baba yake alitembea siku mbili hadi Katesh kuchukua dawa zake, na siku mbili kurudi. Mvua kubwa za mwaka ule zilikata barabara. Boksi la mbele liliisha, na wakati huo la nyuma halikuwepo, kwa sababu Bibi alikuwa bado anaagiza dawa pale tu anapoona zimebaki kidogo. Gidahosh alipofika, Bibi alimwambia, "Mzigo umekwama, baba. Rudi wiki ijayo." Alisema hivyo kama tunavyosema sote, bila kufikiri wiki ijayo iko umbali gani kwa anayetembea.

Baada ya wiki mbili Gidahosh alirudi. Hakupiga kelele. Aliweka juu ya kaunta ile bahasha ya dawa ya mwezi uliopita, tupu.

"Mimi nilikuja," akasema.

"Nakumbuka, baba. Nilikuwepo."

"Wewe ulikuwepo. Duka lilikuwepo. Dawa haikuwepo." Kisha akaeleza kwamba Monica alianguka karibu na moto, na mkono wake wa kushoto umeungua hadi kwenye kiwiko.

Bibi alifunga duka siku hiyo. Yeye na Babu Agustino walibeba dawa, sukari na galoni la asali, wakatembea na Gidahosh siku mbili hadi nyumbani kwake. Alimsafisha mtoto kidonda kwa mikono yake. Halafu akapiga magoti mbele ya mama wa Monica akaomba msamaha. Yule mama alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: "Na mwezi ujao?"

Bibi alisema swali lile lilimwingia kuliko matusi yote ambayo angeweza kutukanwa. Aliyekuwa na jibu ni Gidahosh. Alitoa kamba ndogo ya ngozi yenye mafundo akamwonyesha. "Mimi sisomi. Nikisafiri na ng'ombe namwachia mke wangu hii. Kila siku anafungua moja. Yakiisha anajua nipo njiani, au nimekufa."

Bibi aliitazama ile kamba kama baba yake alivyokitazama kile kitundu cha kihenge.

Kutoka siku ile kila mgonjwa wa dawa za kudumu alipewa uzi wenye mafundo thelathini pamoja na dawa zake. Mweusi wa kifafa, wa bluu wa presha, wa njano wa sukari. Umemeza, umefungua fundo moja. Na mahali fulani kwenye uzi kulikuwa na fundo jekundu. Ukilifikia, maana yake usingoje ziishe: anza safari. Kwa mtu wa Mogitu chini ya jekundu yalibaki mafundo matatu. Kwa mtu wa mbugani yalibaki saba, na wakati wa masika aliongeza mawili. Hakupima dawa peke yake, alipima na njia. Yeye naye akaanza kuweka boksi la nyuma, na baadaye akaona hata boksi la nyuma lisilale nyumba moja na la mbele, ndiyo maana akafungua tawi dogo Mogitu na kumpa Doris alisimamie.

Tusimfanye malaika, mwenyewe angetukemea. Alikuwa mkali. Ukija uzi umeisha wote alikusema mbele ya watu: "Jekundu hukuliona? Au unataka nikufungie kengele?" Mzee mmoja wa Mogitu alikuwa akimtuma mke wake kwa kuogopa. Lakini dawa uliipata. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyerudi nyumbani na bahasha tupu.

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili, mlima wetu wa Hanang ulishusha tope, mawe na miti. Hilo hatuhitaji kuwasimulia ninyi. Duka la Bibi lilijaa tope hadi shelfu ya tatu. Leja zote mbili, zenye jina la kila mgonjwa na dawa yake, zilikuwa uji. Bibi alisimama nje na buti za Hilary, kubwa kuliko miguu yake, na kwa mara ya kwanza tulimwona hajui aanzie wapi.

Kisha watu wakaanza kuja. Walipoteza vitanda, masufuria, wengine walipoteza watu, lakini walikuja na nyuzi. Nyingine zilikuwa zimefungwa mkononi, nyingine shingoni. Aliyefiwa na ndugu zake wawili alikuja na uzi wa bluu wa mama yake mzee. Bibi akaweka meza chini ya turubai, akasema, "Msinipe majina kwanza. Nipeni nyuzi." Akazipanga juu ya meza, yenye mafundo machache mbele, yenye mengi nyuma. Rangi ilimwambia dawa gani, mafundo yakamwambia siku ngapi zimebaki. Ndani ya saa moja alijua nani ahudumiwe leo, nani kesho, nani keshokutwa. Doris akaleta maboksi ya nyuma kutoka Mogitu, na vyeti vya daktari vikaandikwa upya. Watu sitini na tatu kwa siku nne. Hakuna aliyeruka hata dozi moja.

Wapo wa Jorodom ambao hawakuja. Nyuzi zao za mwezi ule Bibi alikuwa ameshazifunga tayari nyumbani, kwenye kopo lake la maziwa ya unga. Tulimwambia tuzifungue, uzi utumike tena. Akasema, "Hizi ziacheni." Bado zimo.

Kuanzia Machi 2024 miguu yake ilianza kuvimba na pumzi ikawa fupi. Madaktari walisema moyo umechoka. Siku moja Doris aliuchukua uzi wa Bibi mwenyewe, wa bluu, akauhesabu.

"Mama, huu mbona una mafundo kumi na moja zaidi ya siku zilizobaki?"

"Nilisahau."

"Wewe?"

Bibi akageukia ukutani. "Ninyi nyote mnaniletea mimi nyuzi. Mimi nimpelekee nani?"

Tulicheka, halafu hatukucheka tena. Kuanzia hapo wajukuu tuligawana zamu za kuukagua uzi wake kila asubuhi kabla ya shule. Alijifanya anachukia. Lakini tukichelewa tulimkuta ameushika mkononi, anatusubiri.

Alilazwa mara tatu, Babati na hapa Katesh. Hata kitandani swali lake lilikuwa lile lile: "Nani yuko kwenye jekundu wiki hii?" Doris alimsomea majina, naye akiitikia kila jina kwa kichwa. Mwezi huu wa tisa alizidiwa, na asubuhi ya Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, saa tatu na dakika ishirini, alituacha. Alikuwa na miaka sabini na moja.

Kuna jambo moja zaidi, na tunalisema kwa ruhusa ya Babu Theodory mwenyewe.

Alhamisi kilikaa kikao cha familia. Babu Theodory akasema duka lifungwe mpaka matanga yaishe, siku kumi, kama inavyostahili. Doris akasema, "Mjomba, wapo watu wako kwenye jekundu."

"Dada yangu hajaingia kaburini, na wewe unafikiria kuuza?"

"Sifikirii kuuza, Mjomba."

"Basi lifungwe. Heshima ni heshima."

Sisi tuliokuwa tunapeleka chai tulisimama na vikombe mkononi.

Ndipo akaingia mzee Gidahosh, na Monica nyuma yake. Hawakuwa wameitwa. Walianza safari Jumatano alfajiri, kabla hata Bibi hajafariki, kwa sababu uzi ulifika kwenye jekundu. Dukani walikuta mlango umefungwa, na hapo ndipo jirani alipowaambia kuna msiba. Mzee alitoa pole, akaketi. Kisha akamuuliza Babu Theodory, "Matanga siku ngapi?"

"Kumi, mzee mwenzangu."

Gidahosh akamnyooshea binti yake mkono. Monica, mwenye miaka thelathini na mitatu sasa na watoto wawili, akauvua ule uzi mweusi shingoni kwa mkono wake wa kushoto, ule wenye kovu. Mzee akauweka juu ya meza, mbele ya Babu Theodory.

"Hesabu," akasema.

Babu Theodory akavaa miwani. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Matano."

"Matano," mzee Gidahosh akaitikia.

Babu Theodory alivua miwani akaifuta na shati, ikawa kama haifutiki. Kisha akasema, taratibu, "Konsolata, hata leo bado unatutobolea kihenge." Akamgeukia Doris. "Mwanangu, kachukue funguo. Tutaomboleza dirisha likiwa wazi."

Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja, Violeth, mwenye miezi minne. Ameacha kaka yake Theodory na mdogo wake Getruda. Mumewe Agustino alimtangulia mwaka 2014, na leo tunamlaza pembeni yake. Ameacha pia watu wenye nyuzi, ambao hatuwezi kuwataja wote, nao wanajijua.

Familia inawatangazia kwamba baada ya chakula, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, dirisha la dawa litakuwa wazi leo, na hivyo hivyo kila siku ya matanga. Mliofika kwenye jekundu msione aibu kuja na nguo za msibani.

Uzi wake wa bluu umebaki na mafundo kumi na tisa. Hatukuyafungua. Tumeuweka kwenye kopo, pamoja na zile za Jorodom.

Bibi, boksi la mbele limeisha. La nyuma tumelifungua, na tumeshaagiza lingine siku hiyo hiyo kama ulivyotufundisha. Mungu akupokee, upumzike sasa. Leo hakuna atakayekusubiri dirishani bila kuhudumiwa.